Anatengeneza kisima cha kijiji, shamba letu linaota majani

BARUA

Shikamoo Mama,

Naomba uisome yote hata kama ni ndefu, maana hapa kijijini sina wa kumwambia. Ni mama wa watoto watatu, naishi kijiji cha pwani mkoani Mtwara. Mume wangu ni askari mstaafu wa JWTZ. Jeshini alikuwa fundi wa magari, akatoka na usajenti wake. Alikwenda Congo na kikosi cha Umoja wa Mataifa, na mwaka 2017, wenzake waliposhambuliwa kule Semuliki, yeye alikuwa kambi nyingine upande huohuo wa Beni. Hakuyaona kwa macho. Lakini waliokufa wapo aliokula nao sahani moja, na ndiyo habari pekee ya Congo aliyowahi kunisimulia. Alisema mara moja tu, akanyamaza.

Alipostaafu tulirudi kwao huku. Nilidhani tutapumzika. Mama, usiku halali. Anakaa barazani na tochi mpaka adhana ya alfajiri. Mlango anaufunga kwa komeo, anakwenda kulala, anarudi kuushika tena. Panga liko chini ya kitanda. Harusini haendi, msibani anasimama nje karibu na njia. Ngoma za unyago zikianza kwa jirani anaondoka kabisa, anakwenda kukaa ufukweni. Na huko ufukweni nako kuna wale wanaovua kwa baruti. Siku hizi wamepungua sana, lakini ukilia mlipuko mmoja tu, anakuwa kalala chini kabla sisi hatujajua kumetokea nini. Kisha siku nzima ni mkali, nadhani kwa aibu. Mwezi wa kumi na mbili ukifika ndiyo balaa, haongei na mtu.

Usiku mmoja alikuwa anapiga kelele ndotoni, nikamshika bega nimwamshe. Akanikaba. Alipozinduka akalia kama mtoto. Tangu hapo nalala chumba cha watoto, na watu hawajui. Msimu wa mabibo alikuwa anashinda kwenye uraka, ile pombe ya mabibo, akirudi anameza vidonge vya usingizi vya kununua dukani.

Sasa mwaka jana mashine ya kisima cha kijiji ilikufa. Tuliteseka na ndoo. Siku moja akanyanyuka mwenyewe akaenda kuiangalia, akawachukua vijana wawili wamshikie spana, wakashinda pale. Ikawaka. Basi toka siku hiyo mtu kabadilika. Kaingia kikundi cha akina mama wanaopanda mikoko, anakwenda shuleni kutengeneza madawati, mota ya kisima anaikagua kila wiki. Anarudi na tope mpaka magotini, anakula, analala. Si kila siku, ila analala. Uraka kaupunguza. Juzi nimemkuta anacheka na mtoto wetu mdogo, nikajificha jikoni ili nisimkatize.

Tatizo ni kwamba halipwi hata mia. Mikorosho yetu majani yamefika kiunoni, wenzetu wamekwisha palilia na wanapulizia salfa, dawa ya mikorosho. Shemeji yangu anatangaza kuwa kaka yake ana wazimu wa kuwafanyia watu kazi bure. Anataka tumpeleke kwa mganga, eti kafuatwa na mizimu ya wale aliowaacha Congo, na gharama tukope kwa kutegemea korosho ambazo hata hazijatoa maua. Kisomo tulikwisha kumfanyia, akanywa na kombe. Alitulia siku chache.

Na sasa viongozi wa kijiji wamemfuata. Wanamtaka aongoze doria ya usiku baharini kuwakamata hao wa baruti. Wamemwambia, "Wewe mtu wa jeshi, unaogopa nini?" Akakubali. Tangu akubali hajalala, ni kama tumerudi tulikotoka. Doria inaanza bamvua lijalo, maji makubwa yakifika.

Nimkataze haya mambo ya kujitolea, akae na familia na shamba lake? Au nimwache? Na huyu shemeji nimjibu nini?

Mke wa Mstaafu, Mtwara


JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na doria, kwa kuwa hiyo ina siku yake na mengine yanaweza kungoja kidogo. Asiende. Kumtoa mtu aliyeumizwa na vita, ukamrudisha gizani, ndani ya boti, akiwatafuta watu wenye baruti mikononi, huko ni kumrudisha kazini bila cheo, bila silaha na bila kikosi. Na jibu umekwisha lipata wewe mwenyewe: alikubali, usingizi ukaondoka. Mwili wake umekataa, mdomo tu ndio uliokubali, kwa sababu ile "unaogopa nini" haina jibu jingine mbele ya wanaume wenzake.

Usiende kwa viongozi kwa siri. Akigundua kuwa mkewe amekwenda kumwombea ruhusa, utakuwa umemvua nguo. Zungumza naye kwanza, mchana, mkiwa mnafanya kitu, si mmekaa mkitazamana. Mwambie ulichokiona: "Toka siku ile ya doria hulali tena." Usiseme "unaumwa" wala "huwezi". Kisha mpe njia ya kutokea yenye heshima, nayo ipo. Boti ya doria ina injini, na injini inahitaji fundi. Yeye aitengeneze mchana, awafundishe vijana kuikagua na kuiwasha, jioni arudi nyumbani. Viongozi wakibisha, aseme ukweli mwingine usiohusu afya yake hata kidogo: kuwakamata wavuvi wa baruti ni kazi ya polisi, maofisa uvuvi na, kama mko ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, askari wa hifadhi. Wanakijiji kutoa taarifa ni sawa. Wanakijiji kuwafuata usiku watu wenye milipuko ni kutafuta mjane, awe mke wa askari au wa mvuvi.

Jambo la pili ni la usiku. Hakukukaba wewe. Alimkaba mtu aliyekuwa naye ndotoni. Lakini shingo ni yako, kwa hiyo tufuate tahadhari. Usimwamshe kwa kumgusa. Simama miguuni pa kitanda au mlangoni, mwite kwa jina lake, sauti ya kawaida, umwambie yuko nyumbani na wewe ni nani. Washa taa kwanza kama mnayo. Kulala chumba cha watoto si aibu wala si talaka, endelea mpaka mtakapokubaliana wawili. Panga litoke chumbani. Usilifiche, maana akilikosa usiku itakuwa vita nyingine. Mwombe mwenyewe alipeleke stoo, na komeo la mlango liimarishwe ili alitegemee hilo. Na nitalisema wazi: siku akianza kusema kuwa bora angekufa na wenzake, au akiaga watu bila safari, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hiyo haingoji kesho.

Sasa tuje kwenye swali lako kubwa.

Usimkataze.

Uliyoyaandika, kukesha, kukagua komeo, kukimbia ngoma, kuanguka chini mlipuko ukilia, ndoto, hasira zinazofuatiwa na aibu, madaktari wanayajua vizuri. Ni kiwewe cha vita. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowarudisha askari wa Ulaya wakitetemeka bila jeraha, madaktari wa mwanzo walidhani ni mabomu yaliyotikisa ubongo, na wengine waliitwa waoga. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuingiza ugonjwa huu rasmi kwenye mwongozo wake, baada ya miaka ya askari wa Vietnam kupiga kelele. Hauchagui shujaa na mwoga. Wala si lazima mtu awe ameyaona kwa macho. Kupata habari kwamba watu wako wameuawa kikatili kunatosha. Semuliki ilikuwa tarehe 7 Desemba 2017, wakafa askari wetu wasiopungua 14, wengine wengi wakajeruhiwa. Kwa hiyo Desemba yake haina mzimu wowote. Ni tanga ambalo halijaondolewa.

Kiwewe kinakua kwa kukwepa. Mtu anaacha harusi, anaacha msiba, anaacha msikiti, anaacha barabara, mpaka dunia yake inabaki baraza na tochi. Kila anachokikwepa kinampa nafuu ya saa moja na kumwongezea hofu ya mwezi. Ndiyo maana kisima kile kilifanya kitu ambacho wewe kwa kumbembeleza usingeweza. Kilimtoa nje, katikati ya watu, bila mtu kumwambia "njoo ukae na watu". Alikuja kwa ajili ya mota. Watu walikuwepo tu pembeni, wakishika spana.

Halafu kuna jambo ambalo wake za askari mnalijua ila hamna pa kulisema. Jeshi humpa mtu saa ya kuamka, nguo, jina, watu wa kushoto na kulia kwake na sababu ya kuwepo. Siku ya kustaafu vyote vinakatwa kwa mkupuo, anabaki na kiinua mgongo ambacho ndugu wamekwisha kukigawa vichwani mwao. Fundi aliyekuwa anaaminiwa na kikosi kizima akawa mtu wa barazani. Mashine ya kisima ilimrudishia angalau kimoja: watu wanamhitaji, na wanamhitaji kwa mikono yake, si kwa bunduki yake.

Na mikoko! Hapo nimefurahi kupita kiasi, nikiri. Kikundi cha kupanda mikoko hakipangi saa zake chenyewe, bahari ndiyo inayowapangia. Maji yakitoka mnashuka, yakirudi mnapanda, hata kama jana hukulala na hata kama moyo hautaki. Mtu ambaye usiku na mchana wake vimechanganyika anapata ratiba isiyojadiliwa. Kazi yenyewe ni ya kuinama na kuchomeka, mche wa mkoko unaingia kwenye tope moja kwa moja, hatua moja, mwingine. Inachosha mwili kwa namna inayoleta usingizi. Na akina mama wale, nadhani, hawamuulizi habari za Congo. Wanamuuliza kama kamba imenyooka.

Haya si mawazo yangu ya jikoni. Huko Marekani kuna shirika liitwalo The Mission Continues, lilianzishwa 2007, ambalo lilikuwa na utaratibu wa kuwapeleka askari waliotoka vitani kujitolea kwenye jamii zao, saa 20 hivi kwa wiki kwa miezi 6. Watafiti waliowafuatilia waliona dalili za kiwewe na za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, zimepungua mwisho wa kipindi, upweke umepungua, na watu wenyewe walisema afya yao imekuwa nzuri zaidi. Lakini sitaki uchukue habari hiyo ukaitundika ukutani. Anayeweza kujisajili kujitolea tayari ana nguvu kidogo ya kuinuka kitandani, kwa hiyo huwezi kusema nafuu yote imetokana na kazi. Tena kule askari wale walikuwa wanapewa posho ya kuwasaidia kuishi. Mumeo hapewi kitu. Nitalirudia hilo mbele kidogo, maana hapo shemeji yako ana hoja moja ndani ya maneno yake mengi.

Kinachonihangaisha ni kwamba si kila kujitolea kunaponya. Kijiji kikishagundua mtu anayefanya bila malipo na asiyesema hapana, hakina kipimo. Leo kisima, kesho madawati, keshokutwa doria, baadaye ndiye mchimba makaburi wa kudumu. Mwangalie usiku unaofuata kila kazi. Kazi iliyompa usingizi, ibaki. Iliyomrudisha barazani na tochi, iondoke, hata kama ni ya sifa. Kazi za bunduki, za maiti, za kukamata watu, hizo kwa sasa hapana. Kazi yenye mwisho unaoonekana, mota imewaka, dawati limesimama, ni nzuri kuliko kamati zisizokwisha. Na awe huru kuondoka katikati akizidiwa, bila kueleza. Mwenyekiti wa kikundi anaweza kuambiwa hilo tu, kwamba kuna siku ataondoka mapema, basi.

Kuna na upande wa pili ambao wake huuona kabla ya madaktari. Mtu anaweza kujificha ndani ya kazi kama alivyojificha ndani ya uraka. Anatoka alfajiri, anarudi giza, anawasaidia wote ila hawezi kukaa nusu saa na mkewe. Ukiona siku ya mapumziko inamtia wasiwasi, anazunguka kutafuta cha kutengeneza mpaka anafungua redio isiyoharibika, jua kazi imeanza kuwa tochi nyingine. Kwa ulivyoandika hajafika huko. Anacheka na mtoto. Ila iangalie.

Kwa hiyo kujitolea kunasaidia, lakini si tiba peke yake, na ningekuwa nakudanganya nikiishia hapo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, waulizeni huduma ya afya ya akili. Ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo. Kwa wasomaji wa Masasi, Ndanda ni karibu zaidi, na wa Lindi waanzie Sokoine. Kwa kuwa ni mstaafu wa jeshi, achukue kitambulisho chake aulizie pia kwenye kambi iliyo karibu utaratibu wa matibabu ya wastaafu. Wapo watakaojisikia vizuri zaidi mbele ya daktari aliyevaa magwanda, wapo ambao kuona geti la kambi tu ni mateso. Achague yeye. Kwa ushauri wa simu, Wizara ya Afya ina namba 199, haikatwi pesa.

Huko atakutana na mambo mawili. Moja ni mazungumzo ya kitaalamu, ambapo anasaidiwa kurudi kwenye lile tukio kidogokidogo, akiwa salama, mpaka lipoteze meno. Ni kazi ngumu na katikati yake anaweza kuonekana amezidi. Msitoroke hapo. Jingine ni dawa za sonona, ambazo hutolewa pia kwa kiwewe. Hazifanyi kazi siku ya pili, mara nyingi ni wiki 4 hadi 6 ndipo mtu anaona tofauti, na wengi huziacha wiki ya pili wakisema hazifai. Vile vidonge vya usingizi vya dukani si tiba ya kiwewe. Vinazoesha mwili, na vikichanganywa na uraka au nipa, ile kali ya kukeneka, vinaweza kumzimisha mtu pumzi. Lakini asiviache ghafla kama amevimeza muda mrefu, kuacha ghafla nako kuna hatari yake. Aende navyo kwa daktari kwenye pakiti yake.

Kama hospitali ni mlima mkubwa kwa sasa, kuna mlango mdogo. Mikoa yetu hii ya kusini haijawahi kukosa watu wa vita. Wapo wazee waliopigana Kagera 1978 na 1979. Wapo waliokwenda Msumbiji miaka ya 1986 hadi 1988, na wenzao wamelala makaburi ya mashujaa pale Naliendele. Kijijini kwenu au cha jirani mzee wa namna hiyo hakosekani, na nakuhakikishia anajua komeo hushikwa mara ngapi usiku. Usimwombe amshauri mumeo. Mwombe fundi amtengenezee mzee kitu, pampu, kitanda, baiskeli. Wataongea au hawataongea, vyote sawa. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wanaweza hata kwenda Naliendele pamoja kama wote wanataka. Asilazimishwe. Desemba 7 ni jambo jingine, hiyo mpange mapema: asiwe na kazi ngumu siku hizo, asiwe peke yake, na kama anapenda dua kwa ajili ya wale wenzake, isomwe, pawe na chakula, majina yao yatajwe nyumbani kwake.

Hilo linanileta kwa shemeji na mganga. Kisomo na dua havigombani na hospitali, endeleeni navyo, vilimtuliza na utulivu hata wa siku chache si haba. Kukopa kwa korosho ambazo hazijatoa maua ili kumlipa mtu afukuze mizimu, hapana. Jibu la shemeji lisitoke kwako, maana utaonekana mke anayemtenga mtu na ndugu zake. Litoke kwa mkubwa wa ukoo mnayemheshimu, au kwa imamu aliyesoma kile kisomo, ukimweleza mapema. Na kama watataja kumfunga kamba, kumfukiza moshi wa kumziba pumzi au kumpiga ili "vitoke", hapo usiombe ruhusa ya mtu, mchukue uondoke naye.

Lakini shamba, shemeji amesema kweli. Watoto hawali mikoko. Majani yakifika kiunoni upuliziaji unakuwa taabu, ugonjwa wa ubwiri unga ukishika maua ndiyo msimu umeondoka, na moto wa jirani ukiingia mtapoteza hata miti. Umaskini nao ni mchokozi wa kiwewe, deni likigonga mlango usiku mtu huyu hatajua kama ni deni au ni adui. Kaeni chini na kalenda ya bamvua. Wakati wa bamvua ni wa mikoko na kikundi. Maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali na mikoko haipandiki vizuri, ni ya shamba. Kisima siku moja ya wiki na si zaidi, na hapo aombe kijiji kimlipe vipuri na mafuta ya usafiri kutoka kwenye pesa ya maji, kwa risiti. Mota ya kijiji haitengenezwi kwa pensheni ya mtu mmoja. Injini ya bomba la kupulizia ikimsumbua kwa kelele, vijana ndio wapulize, yeye aipime dawa na kuitengeneza mashine.

Na wewe, mwanangu, umebeba siri ya kile chumba peke yako muda mrefu. Mtafute mwanamke mmoja, mmoja tu, dada yako au mwenzako wa kikoba asiye na mdomo, umwambie. Si kwa ajili ya ushauri. Ni ili siku ukimpigia usiku, asianze kuuliza maswali.

Majani ya sasa hayangoji mpango wa kalenda. Wale vijana wawili wa spana, akina mama wa mikoko, walimu wenye madawati mapya: mwache mumeo awaite siku moja ya msaragambo shambani kwenu, wewe ukipika. Ataona haya kuomba. Msaidie kuomba, kwa kuanza wewe kuwaambia wale akina mama kisimani. Wamemzoea kama fundi wao anayetoa tu, na mtu anayetoa tu hajawa mwenzao bado. Wakija, shemeji atakuta shamba limepaliliwa na hao hao aliosema wanamfanyisha kaka yake kazi bure. Wasipokuja, mtakuwa mmejua mapema, salfa ikiwa bado inapulizwa, na kisima kitapunguziwa siku.